Mashine ya kulainisha maji: wauzaji watatu, majibu matatu. Nimsikilize nani?

Kisima_Kirefu:
Wakuu, salaam. Naomba mawazo ya wanaojua kabla sijatoa hela.

Nyumbani tunatumia maji ya kisima cha kuchimba. Ukiyatazama kwenye glasi ni maangavu, hayana harufu wala rangi. Shida inaanza ukiyatumia. Sabuni inakatika mkononi bila kutoa povu, nguo nyeupe zimegeuka kijivu, na vioo vya bafuni vina madoa meupe ambayo kitambaa hakiyaondoi. Juzi hita iligoma. Fundi alipochomoa elementi, chuma chenyewe hakikuonekana, kilikuwa kimevikwa ukoko mweupe pande zote. Akaugonga kwa bisibisi, ukapasuka kama ganda la yai.

Nimezungumza na wauzaji watatu. Wa kwanza anataka kuniuzia mashine inayotumia chumvi. Wa pili ana sumaku ya kufunga nje ya bomba, anasema maji yakipita tu yanakuwa laini. Wa tatu ana mtungi usiotumia chumvi wala umeme, "unafunga unasahau". Kila mmoja anawaponda wenzake.

Tupo watu watano, mabafu mawili, mashine ya kufulia, na tangi lipo juu ya paa. Nichukue ipi?

ChukuChuku:
Achana nao wote. Loweka kichwa cha shawa kwenye siki usiku kucha, asubuhi kinang'aa. Hela tunza.

Kisima_Kirefu:
Siki ninaitumia mkuu. Inaondoa ukoko uliokwisha kuganda, ila wiki ijayo upo palepale. Na siwezi kuloweka mabomba yaliyo ndani ya ukuta.

Tone_la_Mvua:
Kabla hujafika kwenye mashine, vipimo viko wapi? Umetueleza dalili, hujatupa hata namba moja. Mashine hizi zinachaguliwa kwa namba.

Peleka maji maabara, waombe wakupimie kalsiamu, magnesiamu, chuma, manganizi, sodiamu, ukali wa tindikali (pH) na jumla ya madini yaliyoyeyuka. Na kama maji yako yanatiwa dawa ya klorini, wapime hiyo pia. Ile kalamu ya kuchovya inayouzwa kila mahali haipimi ugumu. Inahisi jinsi maji yanavyopitisha umeme, basi. Ukichovya kwenye maji yenye chumvi ya kawaida itapanda, hata kama hayana kalsiamu kabisa.

Hapa ndipo wengi wanapopigwa. Maji yenye ladha ya chumvi na maji magumu ni matatizo mawili tofauti, ingawa yanaweza kukaa kisima kimoja. Ugumu ni kalsiamu na magnesiamu. Kama maji yako yana chumvi ya kuonja mdomoni, hakuna mashine ya kulainisha itakayoitoa, hiyo ni kazi ya mtambo wa utando, ule wa osmosisi ya kinyume. Mashine ya kulainisha pia haitoi floridi, haitoi naitreti, haiui vijidudu. Atakayekwambia inafanya yote hayo, mwache aende.

Fundi_Koki:
Dada hapo umemaliza. Nimefungua mitungi mingi iliyofungwa kwa kubahatisha. Watu wananunua mashine kwa kutazama urefu wa mtungi.

Zumari:
Jamani kipimo cha maabara kina mlolongo. Hakuna njia ya haraka ya kujua tu kama ni magumu?

Tone_la_Mvua:
@Zumari ipo, ila itakujibu ndiyo au hapana tu. Chukua chupa mbili, moja weka maji yako, nyingine maji ya mvua. Tia kila moja vipande vichache vya sabuni ya kipande iliyokwanguliwa, funga, tikisa. Ya mvua itajaa povu. Ya maji magumu itakupa utando mweupe unaoelea na povu kidogo linalokufa upesi. Usitumie sabuni ya unga, ile imetengenezwa ivumilie ugumu na itakudanganya. Kuna pia vijikaratasi na vichupa vya matone vya kupimia ugumu, matone ni bora zaidi.

Kisima_Kirefu:
Wakuu nimerudi, majibu ya maabara haya hapa. Kwa lita moja: kalsiamu miligramu 88, magnesiamu 24, sodiamu 60, chuma 0.1, manganizi haikuonekana. Ukali wa tindikali 7.4. Klorini hakuna, ni kisima changu mwenyewe. Ugumu wenyewe hawakuuandika, wakasema "hesabu mwenyewe".

Tone_la_Mvua:
Wamekutendea vibaya, ila hesabu ni nyepesi. Kalsiamu zidisha mara 2.5, magnesiamu zidisha mara 4.1, jumlisha. Kwako ni 220 na 98, yaani kama miligramu 318 kwa lita, kwa kipimo cha kalsiamu kaboneti.

Idara ya jiolojia ya Marekani huita maji laini yakiwa hadi 60, magumu kiasi kuanzia 61 hadi 120, magumu kuanzia 121 hadi 180, na zaidi ya hapo magumu sana. Wewe umevuka mpaka wa mwisho kwa mbali. Kwenye vijitabu vya mashine unaweza kukuta vipimo vingine: ukigawa 318 kwa 17.1 unapata "greni kwa galoni" za Kimarekani, karibu 19, na ukigawa kwa 17.8 unapata digrii za Kijerumani, karibu 18. Vinakaribiana kwa bahati mbaya, kwa hiyo angalia mashine yako inasoma kipi kabla ya kuingiza namba.

Chuma chako ni kidogo. Shukuru. Chuma kingi kinaganda kwenye rezini, zile chembe ndani ya mashine zinazonasa ugumu, na kuiziba, na ingebidi uweke kitu cha kukitoa kabla ya maji kufika kwenye mashine.

Chaki_na_Ubao:
Nimefundisha kemia, niruhusuni niingie kidogo. Tukielewa kinachotokea ndani, mjadala wa sumaku unajimaliza.

Ndani ya mtungi wa mashine ya chumvi kuna rezini, chembe ndogo za duara za plastiki, saizi ya punje za mchanga mkubwa. Kila chembe imeshikilia ioni za sodiamu. Maji magumu yakipita, kalsiamu na magnesiamu zinang'ang'ania rezini kwa nguvu zaidi kuliko sodiamu, basi sodiamu inaachia nafasi. Kila ioni moja ya kalsiamu inayonaswa inatoa sodiamu mbili. Rezini ikijaa, mashine inavuta maji ya chumvi kali kutoka kwenye pipa, na wingi wa sodiamu unaisukuma kalsiamu itoke iende kwenye mtaro. Rezini inarudi kazini. Rezini za namna hii za kutengenezwa kiwandani zilianza kwa Adams na Holmes, Waingereza, mwaka 1935. Hata kabla ya hapo watu walitumia madini ya zeolaiti kwa kazi hiyohiyo.

Angalieni basi: kalsiamu IMEONDOKA kwenye maji. Sumaku haina inapoipeleka. Ukipima maji kabla na baada ya sumaku, ugumu ni uleule.

Mvutano:
Mwalimu nakuheshimu, lakini nyumbani kwa shemeji yangu ipo sumaku na wanasema ukoko umepungua. Utasemaje?

Chaki_na_Ubao:
Nitasema apime. Wanaounga mkono sumaku wanadai inabadilisha jinsi fuwele zinavyoumbika, hawadai inatoa kalsiamu. Majaribio yamefanywa miaka mingi na majibu yanapingana: huyu anaona nafuu, yule akirudia haoni kitu. Na shemeji yako alipofunga sumaku huenda alipunguza pia moto wa hita. Ukoko unaganda haraka zaidi maji yakiwa moto sana, kwa hiyo kupunguza joto peke yake kunaleta nafuu.

Sitoi hela yangu kwa kitu ambacho muuzaji hawezi kunionyesha namba ya kabla na baada.

Mvutano:
Sawa mwalimu. Nitamuuliza kuhusu hita.

Kisima_Kirefu:
Na ule mtungi usio na chumvi? Huyo muuzaji ndiye mwenye maneno matamu kuliko wote.

Fundi_Koki:
Ule si wa kuutupa moja kwa moja, ila amekuuzia mbuzi kwenye gunia. Ile mitungi mizuri ina punje ambazo kalsiamu inajiumba juu yake kuwa fuwele ndogo mno, zinabanduka na kusafiri na maji bila kuganda kwenye bomba. Kwa hiyo hita inaweza kupata nafuu ya kweli. Lakini kalsiamu bado imo majini. Sabuni itaendelea kukatika, nguo zitaendelea kuwa kijivu, na tone likikaukia kwenye kioo litaacha doa, japo mara nyingi linafutika kwa urahisi zaidi. "Unafunga unasahau" si kweli pia, zile punje zinachoka na kubadilishwa baada ya miaka kadhaa, na chuma au manganizi vikiwemo zinaharibika mapema.

Kwa mtu anayelia na hita peke yake, au anayeishi mahali ambapo haruhusiwi kumwaga maji ya chumvi, unaweza kufaa. Kaka yetu hapa analia na sabuni na nguo. Kwake ni mashine ya chumvi, hakuna kona.

Sasa tuje kwenye ukubwa.

Watu watano, tuchukue lita 120 kila mmoja kwa siku, lita 600. Mara ugumu wa 318 unapata gramu 191 za ugumu kila siku. Huo ndio mzigo wa mashine yako. Kama unajua matumizi yako halisi kwenye mita, weka hayo, usiniamini mimi.

Upande wa pili ni rezini. Muulize muuzaji swali moja: ndani mna lita ngapi za rezini? Siyo mtungi ni mkubwa kiasi gani. Mtungi unaweza kuwa mrefu kifuani na rezini imefika nusu. Akishakujibu, uliza zinasafishwa kwa chumvi kiasi gani, maana uwezo wa rezini haubaki mmoja, unategemea chumvi unayoipa. Ukitumia kama gramu 130 za chumvi kwa kila lita ya rezini, unapata uwezo wa gramu 55 hivi za ugumu kwa lita. Ukiipa gramu 240, inafika 69 hivi. Yaani chumvi imekaribia kuwa mara mbili, uwezo umeongezeka robo tu. Na namba inayoandikwa kwa herufi kubwa kwenye boksi ni hiyo ya chumvi nyingi.

Rezini lita 25 kwa chumvi ya wastani inabeba gramu 1,375. Gawa kwa 191, ni siku saba. Acha akiba ya siku moja, mashine ijisafishe kila siku ya sita. Kila safari itakula kilo tatu na kidogo za chumvi na maji lita 150 hadi 200 hivi. Hapo pazuri. Ukichukua ndogo itajisafisha kila baada ya siku mbili na kukumalizia chumvi na maji. Ukichukua kubwa kupita kiasi, maji yanatuama ndani na rezini inajibana, wala hutafaidi chochote.

Chukua yenye kichwa (kile kinachoiendesha mashine) cha mita, kinachohesabu lita. Zile za taima tupu zinajisafisha tarehe ikifika hata kama mmesafiri wote.

Mama_Pacha:
Mimi swali langu ni la kunywa. Nina wachanga na mama mkwe ana presha ya kupanda, daktari amemkataza chumvi. Maji hayo si yatakuwa na chumvi?

Tone_la_Mvua:
Mama swali zuri na wauzaji hulipita. Chumvi ya kwenye pipa haiingii kwenye maji yenu, inasuuzwa inakwenda mtaroni. Kinachoingia ni sodiamu iliyobadilishana na kalsiamu, karibu miligramu 46 kwa kila miligramu 100 za ugumu ulioondolewa.

Mfano ni huyu mwenye uzi. Ugumu 318 utaongeza sodiamu kama 146. Kisima chake tayari kina 60. Jumla 206 kwa lita. Shirika la Afya Duniani halijaweka kikomo cha kiafya cha sodiamu kwenye maji ya kunywa, ila linataja karibu 200 kuwa ndipo ladha inaanza kuwasumbua watu. Umoja wa Ulaya nao umeweka 200. Kwa mtu mzima mwenye afya si jambo la kutisha. Kwa mama mkwe aliyekatazwa sodiamu, na kwa maziwa ya kopo ya wachanga, maji yaliyolainishwa msiyatumie. Bomba la jikoni la kunywa liachwe na maji ya asili, yasiyopita kwenye mashine. Kalsiamu na magnesiamu za kwenye maji hazina madhara kwa watu wengi, zinachoumiza ni hita na nguo.

Kuna wanaoweka chumvi ya potasiamu badala ya sodiamu. Inafanya kazi, ila mgonjwa wa figo au anayetumia baadhi ya dawa za presha amwone daktari kwanza.

Mama_Pacha:
Asante sana mdogo wangu. Nitamwambia fundi aache bomba moja.

Fundi_Koki:
Na mashine nyingi zina vali ndogo ya kuchanganya, inaruhusu maji magumu kidogo kupita. Maji ya sifuri kabisa si lazima. Wakibakiza ugumu wa 80, sodiamu ya kaka inashuka hadi 170 hivi na sabuni bado inatoa povu vizuri.

ChukuChuku:
Wengine wanasema ukioga maji laini sabuni haitoki mwilini, unabaki unateleza.

Chaki_na_Ubao:
Sabuni imetoka. Kwenye maji magumu sabuni inaungana na kalsiamu, inakuwa ule utando usioyeyuka, unabaki kwenye ngozi na kuifanya ikwaruze. Watu wameuzoea huo utando wakadhani ndio usafi. Punguzeni sabuni, nusu ya mliyozoea inaweza kutosha.

Kisima_Kirefu:
Wakuu mmenifungua macho. Nimempigia yule wa mashine ya chumvi nikamuuliza lita za rezini. Kimya, halafu akasema "atacheki". Amerudi na jibu: lita 25, kichwa cha mita. Anataka kuja kuifunga chini ya tangi, kwenye bomba linaloshuka kuingia ndani. Kuna ubaya?

Fundi_Koki:
Ngoja kwanza! Tangi lako lipo juu kiasi gani kutoka hapo mashine itakapokaa?

Kisima_Kirefu:
Mita tano hivi.

Fundi_Koki:
Basi hapo una presha ya nusu ba. Kila mita kumi za kimo ni ba moja, hakuna ujanja. Mashine hizi hazivuti chumvi kwa pampu, zinavuta kwa kijitundu chembamba ambacho maji yakikipita kwa kasi yananyonya maji ya chumvi kutoka kwenye pipa. Nyingi zinataka ba moja na nusu hadi mbili, soma kijitabu chake. Kwa nusu ba itajisafisha kwa jina tu: saa inazunguka, vali inageuka, pipa la chumvi halipungui. Utakaa wiki mbili maji yanarudi kuwa magumu, utailaumu rezini. Na hatua ya kuosha kwa kurudisha maji juu inataka kasi pia, mtungi wa kipenyo cha inchi 10 unahitaji lita 9 hadi 10 kwa dakika ili rezini inyanyuke na kutema uchafu.

Ukikuta mashine ya mtu ina chumvi ileile tangu mwezi uliopita, presha ndiyo ya kwanza kutazamwa.

Una njia mbili. Moja, weka pampu ndogo ya kuongeza presha baada ya tangi, yenye swichi ya kujiwasha, halafu mashine. Utapata na shawa yenye nguvu. Mbili, weka mashine kwenye bomba la pampu ya kisima kabla ya maji kupanda tangini. Hapo presha ipo, lakini pampu isizidi kasi ambayo mashine inaweza kuilainisha. Kwa rezini lita 25 usivuke lita 15 kwa dakika au hapo karibu. Pia tangi lote litakuwa na maji laini, na pampu ikizima wakati mashine inajisafisha kazi inaishia katikati.

Kwako ningechukua ya kwanza. Bomba la kunywa jikoni na la bustani yachukue maji kabla ya mashine. Bustani hasa! Sodiamu inaharibu udongo, unagandamana na maji hayapenyi.

Zumari:
Na umeme ukikatika?

Fundi_Koki:
Vichwa vingi vya mita huanza kujisafisha saa nane usiku, wakati hakuna anayeoga. Umeme ukiwa haupo saa hiyo, pampu haipo, presha haipo. Kama kwenu usiku ndio unakatika, badilisha saa. Na chagua kichwa kinachotunza kumbukumbu umeme ukikatika. Zipo pia zisizotumia umeme kabisa, zinaendeshwa na msukumo wa maji, nyingine zina mitungi miwili ili mmoja ukijisafisha wa pili unafanya kazi. Nzuri sana, ila nazo bila presha ni pambo.

Mvutano:
Maji machafu ya chumvi yanaenda wapi? Kwangu ni shimo la maji taka.

Fundi_Koki:
Kwenye shimo yanakubalika mara nyingi mashine ikiwa ya mita na haipotezi chumvi, ila kama eneo lenu lina sheria ya maji taka iulizie. Usiyamwage kwenye miti. Na mpira wa kutolea maji usiuchomeke ndani ya bomba la maji taka hadi mwisho. Uache unaning'inia juu yake, nafasi kama upana wa vidole viwili au vitatu, ili siku presha ikishuka maji taka yasinyonywe kurudi kwenye mashine.

Kisima_Kirefu:
Nimemwambia muuzaji habari ya nusu ba. Kwanza akasema "wateja wote tunawafungia hivyo". Nikamwomba anionyeshe ukurasa wa presha kwenye kijitabu. Umeandikwa ba 1.8. Sasa anakuja na pampu, baipasi (njia ya kupitisha maji pembeni ya mashine), na filta ya mchanga mbele. Niingize namba gani kwenye kichwa?

Tone_la_Mvua:
318 kama inasoma miligramu. Ikisoma greni, weka 19. Baada ya kufunga, pima kwa matone bomba la bafuni, geuza vali ya kuchanganya polepole mpaka upate ulichokubali.

Fundi_Koki:
Na chumvi iwe ya vidonge, siyo ya unga. Ya unga inajenga daraja ndani ya pipa: juu unaona imejaa, chini ni tupu, mashine inavuta maji matupu. Ukishuku, chomeka mpini wa ufagio taratibu mpaka chini. Siku za kwanza usishangae vipande vya ukoko wa zamani vikitoka kwenye shawa. Fungua vichujio vya mabomba uvioshe, hasa cha mashine ya kufulia.